Kavugho wa Pili Hakuwa na Mwanya

Kaeni, batoto. Lakini ule mwenye anajificha nyuma na telefone yake, ainuke, akuje hapa mbele nimuone. Mimi nasemaka tu na mutu mwenye naona uso yake. Munisamehe, ni ugonjwa ya kazi. Miaka mingi nilikaa mu salle ya vidéo kule Kimemi, hapa Butembo, sikio kwa machine na macho kwa batu. Nyinyi munatafsiri filme peke yenu mu chumba, munaweka sauti mu flash, flash inaenda kuuzwa, basi. Hamuone mwenye anasikiliza. Sisi tulimuona, na yeye alituona. Ile njo ilitutia mu taabu.

Leo munaniita mukaka Masika, juu nimezeeka. Wakati ile nilikuwa Masika tu, musichana wa kushika machine: groupe ya kuleta courant, magnéto ya kuingiza kaseti, na tévé moja yenye tuliweka juu ya meza mbili ili batu ya nyuma baone. Mwenye kushika micro alikuwa Papa Kambale. Njo yeye alinifundisha kazi. Nitasema mambo yake ya kuchekesha, mucheke, mais musimucheke yeye.

Jambo ya kwanza alinifundisha: luga ya filme hatuijui. Eh, mulizani tuliijua? Papa Kambale alijua Kinande, Swahili, Lingala kidogo ya kusalimia basoda, na Kifaransa ya ku misa. Filme zilitoka Kampala mu magunia, kati ya sabuni na viberiti, na batu ya ndani banasema luga yenye hata mufanyabiashara mwenye alizileta hakuijua. Papa Kambale alizitafsiri zote. Aliangalia filme mara moja peke yake, asubui, bila sauti, anakula karanga. Akimaliza anasema, "Masika, nimeelewa. Huyu mwenye mustache ni Muhindo, anataka kunyanganya shamba ya shemeki yake." Saa ya kuonyesha, ba-Muhindo bote mu salle, na jina ile kwetu iko tele, banaanza kulalamika: juu ya nini mwizi ni Muhindo kila siku? Ba-Kasereka habaibake?

Jambo ya pili, shikeni hii vizuri: mu filme zetu, hakuna mutu alienda "kule". Alienda mahali. Gari ikipanda mulima, Papa Kambale anasema, "Sasa anaelekea Kanyabayonga." Theluji ikionekana, ni Lubero, baridi ya Lubero munaijua. Pori kubwa yenye giza, ni njia ya Eringeti. Batu balikuja kwetu juu ya ile. Mutu anasikia jina ya kwabo inatoka mu tévé, anageuka kwa jirani, anamupiga bega: "Umesikia? Ni kwetu!" Papa Kambale aliniambia kila mara kwamba mutu mwenye hajui mahali hawezi kuogopa, na mutu mwenye haogopi anatoka inje kununua ndizi.

Na ya tatu hamutaipata mu masomo yoyote. Bunduki ikilia mu filme, weka mukono ku bouton ya sauti. Ukipunguza sauti na bunduki inaendelea, hiyo hapana ya filme. Zima groupe, fungua mulango ya nyuma, na usipoteze wakati kuonyesha batu njia. Banaijua.

Ndiyo, ilikuwa vita. Rébellion njo ilitutawala. Basoda balitoka mikoa ya mbali, banasema Lingala, na mu mji kila mutu alikuwa namuangalia mwenzake kwa pembeni. Neno ya siku zile ilikuwa infiltré, maana yake adui mwenye alivaa nguo ya rafiki. Mwalimu mugeni? Infiltré. Mutu anasema anauza mbuzi na hana mbuzi? Infiltré. Hata padri mupya alipofika, bamama balimuangalia kwanza viatu, kama ni za soda. Mimi pia nilikuwa vile, na sijapona. Njo maana nilimuambia huyu mwenye telefone akuje mbele.

Bon. Kavugho.

Ilikuwa filme ya mwanamuke mwenye nguvu kuliko batu bote, na ilifanywa na feza kidogo, inaonekana wazi. Kape yake ya kuruka nayo ilikuwa rideau, pazia ya dirisha. Nasema rideau, juu pete za kuitundika zilibakia ku shingo, zinapigapiga akikimbia. Viatu ilikuwa bote za mupira, za mutu wa kulima, balizipaka rangi ya dhahabu. Macho alifunika na mask. Na akiruka hewani, kamba tunaiona. Mutu na macho mabovu pia anaiona. Siku ya kwanza kijana mumoja alisema kwa nguvu, "Lakini iko na kamba!" Mama muuza beignets, zile mandazi, mwenye kikapo yake ilikuwa kila siku karibu na mulango, akamujibu, "Na wewe bakikupa kamba, utaruka?" Toka siku ile hakuna mutu alisema tena juu ya kamba.

Papa Kambale alimubatiza Kavugho. Alimupatia sauti nyembamba, kama ya mutoto mwenye anaimba ku misa, yeye mwenyewe baba na ndevu. Na ule mwanamuke alikuwa na mwanya mu meno ya mbele. Akimaliza kupiga bandi, bale bezi, anageuka kwetu, anacheka, mwanya inaonekana. Ay, batoto! Salle yote ilisimama. Tulionyesha ile filme paka kaseti ikaanza kukohoa. Mu Kimemi bamama balipoteza rideau zabo, na ukizitafuta, ziko ku shingo ya batoto. Commandant wa basoda mwenyewe, mwanaume murefu wa mukoa ya mbali, alikuja kukaa ku banc ya mbele na mulinzi wake. Aliirudilia, tena aliirudilia. Mwanya ikitokea anapiga goti yake, "Voilà! Voilà!"

Kisha mufanyabiashara akaleta sehemu ya pili.

Ku karatasi ya kaseti, rideau ni ile, bote ni zile, mask ni ile. Habari ikazunguka mu mji mbele hata tufungue mulango. Asubui ile mafuta ya groupe ilikosekana, tuliipata saa batu bako banasukuma mulango, donc Papa Kambale hakuangalia filme peke yake na karanga zake. Tuliionyesha muchana, juu giza ikianguka hakuna mutu alitembea inje. Commandant siku ile hakukuja.

Filme inaanza. Bote zinatembea. Rideau, pete zinalia. Batu banapiga makofi. Anapiga bandi wa kwanza, anageuka kwetu, anacheka.

Meno zimejaa. Hakuna mwanya.

Makofi ilikatika. Kisha mutu nyuma akasema, "Huyu hapana Kavugho." Mwingine, "Mwanya iko wapi?" Tukangoja aruke. Haruki. Alishuka ku ukuta mufupi vile mutu anashuka ku banc. "Na kamba? Kamba iko wapi?" Fikirini, batoto: ile kamba yenye tulikuwa tunasamehe, siku ile balituuliza tuionyeshe, njo baamini! Mumoja alisema sisi tulibadilisha kaseti. Mwingine alisema Kavugho wa kweli alishakufa, na serikali inaficha. Kisha ile neno ikatoka, sijui mu kinywa ya nani, na ikashika salle yote: "Infiltré! Ni infiltré! Alivaa nguo yake!" Banc zilianza kuinuka.

Sasa muone mutu mwenye anajua kazi. Papa Kambale hakubishana. Alisogeza micro, akasema pole pole, "Batu ya Butembo, muko na macho. Huyu hapana Kavugho. Kavugho wa kweli banamukamata mu pori ya Eringeti. Banamuvua nguo yake, na adui anaivaa. Angalieni, sasa anaingia mu kambi ya batu yake, na banamufungulia mulango juu ya nguo." Batu bakakaa. Na yeye akageuza filme yote, pale pale, bila kupumua. Kila mutu mwenye ule mwanamuke alimupiga alikuwa hana kosa. Bandi bakawa batu ya haki. Muhindo akawa mutu muzuri kwa mara ya kwanza toka salle yetu ifunguliwe, na ba-Muhindo balisimama juu ya banc kushangilia.

Mimi nilikuwa nacheka na machozi. Mais macho yangu ilikuwa kwa batu, na ku nguzo ya mulango niliona mutu mumoja mwenye hakucheka. Tena, ku ile nguzo mutu hawezi kuona tévé vizuri, pengine alikasirika juu ya ile tu. Mwangaza ya inje ilikuwa nyuma yake, uso sikuitambua; musiniulize jina. Nilishafikiria karibu jina zote za Kimemi.

Kesho yake asubui nilikuwa nasafisha kichwa ya magnéto na kitambaa na pombe, habari ikafika toka soko. Ku njia ya Eringeti, batu benye balivaa uniforme ya basoda balisimamisha camion ya basoda. Walinzi balikuwa balibafungulia barrière ya njia juu ya nguo. Batu balikufa. Nilikaa chini na kitambaa mu mukono. Mbele jua ifike juu, basoda balikuwa balishakamata Papa Kambale; mutu wa mu salle alikuwa alibapelekea maneno yake.

Balimupeleka ku bureau yabo ku kilima, yenye batu ya mji habakutaja, balisema tu "kule juu". Bibi yake alipeleka bugali na mboga ya sombe, balimurudishia sahani vile ilienda. Alikuja kwangu na ile sahani, akasema, "Masika, hawakumupa. Mutu mwenye hawamupe chakula, banataka kumufanya nini?" Nilimupokea ile sahani. Mu siku zile, mutu akipanda kule kwa swali ya namna ile, jamaa yake inaanza kuulizana nani atatunza batoto.

Kisha balinifuata mimi. Na machine zote, balisema, na kaseti. Tulipakia tévé na groupe ku chukudu, ile gari ya mbao ya kusukuma, nikapanda kilima nyuma yake, naomba Bikira Maria mu Kinande juu mu Swahili maneno ilinipotea.

Commandant alikuwa nyuma ya meza. Papa Kambale sikumuona.

"Mama," akaniambia, na mimi nilikuwa musichana, "mutafsiri wako alisema kule Eringeti adui alivaa nguo yetu. Kesho yake, kule Eringeti, adui alivaa nguo yetu. Nani alimuambia?"

"Hakuna mutu, mon commandant. Ni filme."

"Filme inasema Eringeti?"

Nilipanguza kaseti na nguo yangu.

"Bon. Weka kaseti. Wewe njo utatafsiri. Yeye iko mu chumba ingine, hatasikia. Tutaona kama filme inasema vile alisema."

Muone ile mutego, batoto. Nikisema Eringeti, basi tuko babili mu shauri moja, na mimi nabakia pale. Nikisema mahali ingine, Papa Kambale alidanganya batu ili atume habari kwa adui mu micro. Na nikisema ukweli, kwamba luga hatuijui, basi maneno yalitoka ku kichwa yake mwenyewe, na batamuuliza namna gani yaliingia. Nikaingiza kaseti.

Filme ikaanza. Commandant akapiga kidole ku meza. "Tafsiri!"

"Naacha muone kwanza, mon commandant," nikasema. Ile haikuwa uongo. Njo kazi. Mutafsiri mubaya anasema mbele ya picha, batu habaoni tena kintu. Papa Kambale aliniambiaka: nyamaza kwanza, macho yabo ifanye kazi yake, kisha uwape maneno yenye bako nayo tayari mu kinywa. Nikageukia commandant, vile niliangalia batu mu salle.

Bote zinatembea. Pete zinalia. Bandi anaanguka. Ule mwanamuke anageuka, anacheka.

Soda wa ku mulango, mwenye alikuwa mulinzi ya commandant ku salle, akapiga kelele mu Lingala: "Oyo aza ye te!" Huyu hapana yeye!

"Attends, ngoja," commandant akasema. "Rudisha." Nikarudisha. Akainuka, akaweka pua karibu na kioo. "Mwanya iko wapi?"

"Sijui, mon commandant."

"Huyu ni mwingine! Nguo ni ya ule, mutu ni mwingine!" Akapiga meza, kofia yake, ile képi, ikaanguka. "Infiltré!"

"Na ule wa kweli balimupeleka wapi?" soda akauliza, na masikitiko ya kweli.

"Balimukamata," commandant akasema. "Banamuficha mu pori fulani, huko, nguo yake banamuvua kwanza, kisha..."

Niliona saa alijisikia mwenyewe anarudilia maneno ya Papa Kambale. Aliangalia tévé, aliangalia soda, kisha aliniangalia mimi, na sikuthubutu kuinua macho.

Nilisema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya Kavugho, "Salle yote ilisema vile vile, mon commandant. Papa Kambale aliwarudishia tu. Na pori, kwetu hapa, pori kubwa ni Eringeti. Kama ingekuwa theluji angesema Lubero."

Hakucheka. Alikaa, akaokota képi. "Endelea," akasema. "Nataka kuona kama ule wa kweli anapatikana." Nikamutafsiria paka mwisho, bila kutaja mahali hata moja. Kavugho alienda kule. Alitoka kule. Muhindo alimungoja kule. Ilikuwa tafsiri mubaya kuliko zote za maisha yangu.

Mwisho alisema, "Mumutoe. Lakini nikisikia tena jina ya mahali mu ile micro, Eringeti, Lubero, hata Kimemi, munarudi hapa bote babili, na sitaangalia filme." Kaseti alibakia nayo. Kwa upelelezi ao kwa kupenda, sijui.

Papa Kambale alitoka anashika ukuta. Alijaribu kunichekea, na jino ya mbele haikuwa. Nililia pale pale mbele ya basoda, sikuona haya. Ku njia akaniuliza, "Ulibaambia nini?" Nikamuelezea yote. Alitembea kidogo, kisha, bila kuniangalia: "Na balikuacha hivi hivi?" Swali ile iliniuma kuliko makelele ya commandant. Mimi, Masika wake! Lakini ningekuwa yeye, ningeuliza vile vile.

Mulizani mji ilimupokea na furaha? Wapi! Balisema hakuna mutu anashuka kule bure, mwenye anashuka alikubali kintu. Bibi yake akienda kisimani, mazungumzo yanakatika. Papa Kambale akashika micro, hewa ilipita mu nafasi ya jino, kila neno inapiga filimbi. Niliona batu banaangaliana. "Sauti hapana yake," balinongona. "Balimubadilisha." Hawakukaa tena ku banc ya karibu na yeye. Na yeye, na ile amri, alitafsiri, "Anaenda kule. Anarudi kule." Batu balitoka inje kununua ndizi. Salle ikakauka, na Papa Kambale akaniambia anarudi kulima, kazi ilishamushinda. Kama angeacha siku zile, mji ingesema paka kesho kwamba alikuwa jicho ya commandant.

Nikamuomba siku moja tu. Niliingiza kaseti ya zamani, Kavugho wa kwanza, ile yenye inakohoa. Batu balikuja, kidogo, bamenyamaza. Mama wa beignets alikuwa pahali pake. Na ku mulango ule soda wa commandant, balimutuma kusikiliza.

Filme ilienda paka pale Kavugho anapanda juu ya nyumba, kamba inaonekana, anafungua mikono. Mahali ile Papa Kambale alisemaka kila mara, "Kavugho anaruka, anaenda..." na kila siku alipeleka Kavugho mahali ingine. Alisema, "Kavugho anaruka, anaenda..." Akakwama. Hata "kule" haikutoka. Alibakia na kinywa wazi, nafasi ya jino inaonekana, na nyuma yake mu tévé Kavugho akageuka, akacheka na mwanya yake.

Mama wa beignets aliangalia kinywa ya Papa Kambale, akaangalia kinywa ya Kavugho. "Kumbe ni yeye," akasema. Kisha akapiga kelele kwa nguvu yake yote, "Anaenda Kanyabayonga!" Kwabo ni kule.

"Lubero!" mutu akasema. "Oicha!" "Mangina, anaenda Mangina!" "Musienene!" Na nyuma kabisa, "Eringeti!" Bote pamoja, kila mutu na kwabo, paka hakuna mutu angeweza kusema nani alisema nini. Papa Kambale alishika micro ku kifua na machozi inashuka. Ule soda ku mulango alikuwa anapiga kelele ya jina yenye hakuna mutu kati yetu alishasikia, kijiji fulani ya kwabo mbali.

Na mimi, musichana wa machine, niligeuza mugongo kwa tévé vile nilizoea. Mwenye alitushitaki alikuwa mule ndani, nilijua. Niliangalia uso moja moja, natafuta kinywa yenye ilifungwa. Zote zilikuwa wazi.